Mdudu Mmoja, Mmea Mmoja: Mwongozo wa Kuanza Kupiga Picha za Wadudu kwa Karibu

Wengi wanaotaka kuanza kupiga picha za wadudu kwa karibu huuliza kwanza ninunue lenzi gani. Swali hilo nitalijibu, ila lina foleni yake. La kwanza ni mdudu gani, la pili ni mwanga gani, kisha ndipo vifaa. Mwenye simu ya kawaida, anayejua sisimizi wa shina fulani hupita wapi na hufuata nini, atapata picha bora kuliko mwenye lenzi ya mamilioni anayezunguka bustani nzima akimkimbiza kila kipepeo. Ndiyo maana mwongozo huu unaanzia kwenye mmea.

Chagua mmea mmoja uuzoee

Chagua mmea mmoja ulio karibu na unapoishi, ambao unaweza kuurudia kila siku bila nauli. Uwe na kimo unachoweza kukifikia, na usiwe umepuliziwa dawa. Mimi humshauri kila anayeanza aanze na kunde, kwa sababu mmea huo mmoja una mji mzima wa wadudu.

Chuchumaa mbele ya shina la kunde changa na uangalie ncha zake laini, mahali majani mapya yanapochomoza. Mara nyingi utawakuta vidukari weusi wamejipanga, kila mmoja amechomeka mdomo wake kama sindano kwenye shina akifyonza maji ya mmea. Sasa mtafute sisimizi. Atakuja akipanda shina, atamgusagusa kidukari mgongoni kwa vipapasio vyake, na kidukari atatoa tone dogo linalong'aa upande wa nyuma. Ni umajimaji mtamu, mabaki ya sukari ya mmea. Sisimizi hulinywa tone hilo, kisha humwendea kidukari wa pili. Kwa malipo hayo, sisimizi huwafukuza maadui wanaokuja kuwala vidukari.

Mmoja wa maadui hao ni yule mbawakawa mdogo wa mviringo, mwekundu au wa rangi ya machungwa, mwenye madoa meusi. Watoto wake hawafanani naye kabisa: ni warefu, wa kijivu au weusi, wana miguu sita na hutembea kama mamba wadogo. Wakulima wengi huwaua wakidhani ni waharibifu, kumbe wao pia wanakula vidukari. Ukipata picha moja safi ya mtoto huyo akiwa na kidukari mdomoni, utakuwa na picha yenye manufaa kwa kila mwenye shamba.

Ua la kunde nalo hufunguka alfajiri na kufunga kabla jua halijawa kali. Kwa hiyo nyuki anayefuata ua hilo atapatikana asubuhi tu. Anayefika saa saba mchana atasema kunde hazina nyuki. Ujuzi wa namna hii hauuzwi dukani, nao ndio unaoamua kama utarudi na picha au bila picha.

Kwa hiyo siku ya kwanza acha kamera ndani. Kaa nusu saa, angalia, na uandike kwenye daftari: nani yuko juu ya jani, nani yuko chini ya jani, nani anatembea, nani ametulia. Waliotulia ndio utakaoanza nao.

Huna shamba? Chungu cha mrehani kibarazani kikichanua kitaleta nyuki. Kama uko Pwani, mwembe, mkorosho na mnazi vina maji moto, wale chungu wekundu wakali wanaoshona majani kuwa kiota. Angalia mshono wao kwa karibu: uzi mweupe unaounganisha majani hautoki kwa chungu mkubwa, bali kwa mabuu. Chungu mkubwa humbeba buu kwa taya na kumpitisha upande huu na upande ule wa jani huku buu akitoa hariri. Wakulima wa minazi na mikorosho wanawathamini chungu hawa kwa sababu huwafukuza wadudu wanaofyonza na kuharibu matunda machanga.

Na ukitaka vipepeo bila kuwakimbiza, tembelea mahali wanapofugwa. Mradi wa Kipepeo ulioko Gede, karibu na msitu wa Arabuko-Sokoke nchini Kenya, ulianza mwaka 1993, na wanakijiji wa kando ya msitu huuza pupa wanaowalea. Unguja pia kuna kituo cha vipepeo kijijini Pete, karibu na msitu wa Jozani. Ndani ya wavu, kipepeo huzoea watu na hukupa nafasi ya kufanya mazoezi.

Chagua saa

Mdudu hutegemea joto la hewa na la jua ili mwili wake upate kasi. Asubuhi yenye baridi, panzi au kerengende hawezi kuruka mara moja. Hukaa akingoja kupashwa joto. Katika sehemu za milimani kama Lushoto, Njombe au Limuru, saa ya kwanza baada ya jua kuchomoza ni hazina: wadudu wamelala juu ya majani, na umande umewatanda matone mwilini. Pwani usiku huwa na joto, hivyo wadudu huamka mapema zaidi. Huko toka mara tu kunapopambazuka.

Jua la mchana huwaka kutoka juu, hufanya mgongo wa mbawakawa ung'ae mpaka rangi ipotee, na kuacha tumbo gizani. Ukilazimika kupiga mchana, tafuta kivuli. Siku ya mawingu ni nzuri kuliko siku ya jua. Siku zinazofuata mvua za kwanza ni bora kuliko zote, kwa maana majani machanga yamechipua na wadudu wameongezeka.

Usiku usiuache. Tundika shuka jeupe ukutani au kwenye kamba, weka taa mbele yake, na nondo watakuja wenyewe na kutua wakiwa wamekunjua mabawa. Mwanzoni mwa mvua, kumbikumbi nao watafika kwa wingi.

Lainisha mwanga

Kadiri unavyomsogelea mdudu, ndivyo mwanga unavyopungua na ndivyo mtikisiko mdogo wa mkono unavyoonekana mkubwa. Dawa ya yote mawili ni flashi. Mwako wa flashi ukiwekwa kwa nguvu ndogo hudumu sehemu ndogo sana ya sekunde, mara nyingi chini ya 1/5000. Muda huo ni mfupi kiasi kwamba mkono wako na mguu wa mdudu huonekana vimesimama.

Lakini flashi iliyo uchi hutoa mwanga mkali unaoacha doa jeupe juu ya jicho na gamba la mdudu. Mwanga hulainika pale chanzo chake kinapokuwa kikubwa na karibu na mdudu. Kwa hiyo weka kitu cheupe kinachopitisha mwanga kati ya flashi na mdudu: karatasi ya kuokea mikate, au kipande kilichokatwa kwenye dumu jeupe la maziwa. Kikunje kama kibao cha kofia, kikae juu ya ncha ya lenzi na kishuke mpaka karibu na mdudu. Piga picha ya kijiko kinachong'aa ili ujaribu. Ukiona doa jeupe lenye kingo kali, kifuniko chako bado ni kidogo au kiko mbali. Ukiona mng'ao mpana unaofifia polepole pembeni, umefaulu.

Anayetumia simu anahitaji mwanga wa asili. Simama karibu na dirisha au chini ya kivuli cheupe, na uweke karatasi nyeupe upande wa pili wa mdudu irudishe mwanga kwenye upande wenye giza. Tochi ya simu yako usiiwashe. Iko karibu mno na lenzi na huua umbo la mdudu. Tochi ya simu nyingine, iliyofunikwa karatasi na kushikwa kando na rafiki, inafaa.

Vifaa, kuanzia ulichonacho

Simu. Futa lenzi kwanza kwa kitambaa laini, kwa maana mafuta ya vidole ndiyo chanzo cha picha nyingi zenye ukungu. Kama simu yako inaweza kulenga kitu kilicho umbali wa sentimita chache, anza nayo. Kama haiwezi, nunua kilenzi kidogo cha kubana juu ya kamera ya simu. Ni cha bei nafuu, na hulenga kwa umbali mmoja tu, hivyo usipapase kioo ukitafuta fokasi: sogeza simu mbele na nyuma polepole mpaka mdudu aonekane wazi. Akishaonekana, bonyeza na ushikilie kidole juu ya mdudu ili simu ifunge fokasi na mwanga, kisha punguza mwanga kidogo. Usivute picha kwa vidole viwili; sogea mwenyewe, au kata picha baadaye.

Kamera yenye lenzi ya kawaida. Hapa kuna njia tatu za gharama ndogo. Ya kwanza ni pete za kurefusha lenzi, ambazo hazina kioo ndani. Hukaa kati ya kamera na lenzi, na lenzi ya milimita 50 ikisogezwa mbele kwa milimita 50 hukaribia kumpiga mdudu kwa ukubwa wake halisi. Nunua zenye sehemu za umeme ili kamera iendelee kuongoza tundu la lenzi. Ya pili ni pete ya kugeuzia lenzi, inayokuwezesha kuifunga lenzi ikiwa imegeuzwa nyuma mbele. Lenzi kuukuu ya milimita 50 yenye pete ya kuzungushia tundu kwa mkono ndiyo ifaayo. Ya milimita 28 iliyogeuzwa hukuza zaidi, lakini ni ngumu kwa anayeanza. Ya tatu ni kioo cha kukuza kinachofungwa mbele ya lenzi ndefu.

Lenzi maalumu. Lenzi yenye ukuzaji wa 1:1 humchora mdudu juu ya sensa, yaani sehemu ya kamera inayopokea picha, kwa ukubwa wake halisi. Sisimizi wa milimita 3 atachukua milimita 3 za sensa, ambayo kwa kamera nyingi za kawaida ina upana wa milimita 24 hivi, yaani sehemu moja kwa nane ya picha. Ukipata fedha, nunua yenye urefu wa milimita 90 hadi 105. Hiyo hukuacha umbali wa zaidi ya sentimita kumi kati ya kioo na mdudu, wakati lenzi fupi humtia kivuli na kumfukuza.

Stendi ya miguu mitatu inafaa kwa nondo aliyelala. Kwa mdudu anayetembea itakuchelewesha tu.

Milimita moja ya fokasi

Hapa ndipo wengi hukata tamaa. Ukiwa kwenye ukuzaji wa 1:1 na tundu la f/8, sehemu ya mdudu itakayoonekana wazi ina kina cha takriban milimita moja. Nyuma na mbele ya hapo ni ukungu. Ukibana tundu hadi f/16 unapata milimita mbili, lakini picha nzima hupoteza makali kwa sababu mwanga hutawanyika unapopita kwenye tundu dogo. Kwa hiyo tumia f/8 hadi f/11, kisha uamue hiyo milimita moja iwe wapi.

Iwe kwenye jicho. Mdudu ambaye jicho lake liko wazi ataonekana hai hata kama miguu ya nyuma imepotea ukunguni. Jicho likiwa na ukungu, picha haiokoki. Jicho la vunjajungu litakufundisha haya vizuri kuliko maelezo. Sogea mpaka uone vijumba vidogo vidogo vilivyopangana juu yake, na doa jeusi linaloonekana kukufuata kila unaposogea. Doa hilo si mboni. Ni vile vijumba vinavyokuelekea moja kwa moja: mwanga unaoviingia kutoka upande wako haurudi kwako, hivyo unaviona vyeusi. Basi ukiliona doa hilo likiwa na kingo safi, fokasi yako imekaa.

Weka kamera hivi:

1. Hali ya mkono, kasi ya shata 1/160 au 1/200, tundu f/8, ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) 200. Flashi iwe robo ya nguvu au chini. Ukiona giza, iongeze kidogo au usogeze kifuniko karibu.
2. Bila flashi, asubuhi, pandisha ISO hadi 800 au 1600. Chembechembe za ISO zinavumilika, mtikisiko hauvumiliki.
3. Zima fokasi ya kujiendesha. Zungusha lenzi mpaka ukuzaji unaoutaka, kisha usiiguse tena.
4. Bana viwiko mbavuni au uviegemeze gotini. Kama mdudu ametulia, shika ncha ya jani kwa mkono wa kushoto na uegemeze lenzi juu ya mkono huohuo, ili upepo ukitikisa jani, kamera nayo iende nalo.
5. Toa pumzi, sogea mbele polepole kwa mwili wako, na bonyeza kila jicho linapopita kwenye eneo lililo wazi. Piga nyingi.

Kuna njia ya kupita kikwazo cha milimita moja: kupiga picha kadhaa, kila moja ikilenga mbele kidogo ya nyingine, kisha kuziunganisha kwa programu ya kompyuta ili mdudu mzima awe wazi. Mpiga picha Mwingereza Levon Biss, katika kazi yake ya wadudu wa makumbusho ya Oxford, aliunganisha zaidi ya picha 8,000 kwa mdudu mmoja. Wewe anza na picha kumi za nondo aliyelala. Kabla ya hapo, tumia njia rahisi: mwelekeze mdudu awe sambamba na kamera. Kipepeo aliyefunga mabawa akipigwa kutoka ubavuni anaingia karibu mzima ndani ya milimita moja.

Kumkaribia

Wadudu wengi hushtushwa na mwendo na kivuli. Kivuli chako kisimguse kamwe. Njoo kutoka chini au kutoka mbele, usimame kila hatua chache, na usiguse mmea aliokaa mpaka awe ametulia. Akianza kutikisa vipapasio au kugeuka, acha kusogea mpaka atulie.

Kerengende akikuruka, usimfuate. Wengi wao hurudi kwenye kijiti kilekile. Kaa karibu na kijiti hicho, lenga ncha yake, ungoje. Buibui arukaye, ingawa si mdudu kwa kuwa ana miguu minane, ni mwalimu mwema kwa anayeanza: hugeuka mwenyewe kukuangalia kwa yale macho mawili makubwa ya mbele.

Kabla ya kubonyeza, angalia nyuma ya mdudu. Flashi haifiki mbali, kwa hiyo nyuma kusipokuwa na kitu kutatoka kweusi. Ukipenda rangi, mwombe rafiki ashike jani la kijani sentimita chache nyuma yake. Na shuka ulingane naye. Picha iliyopigwa kutoka juu hutuonyesha mgongo. Ile ya usawa wa macho hutuonyesha uso.

Usimdhuru, usidhurike

Wapo wanaomweka mdudu kwenye friji ili apooze, wanaomgundisha kwa gundi, au wanaomchoma pini. Usifanye hivyo. Mdudu aliyepoozwa hujikunja miguu na kulegea vipapasio, na anayewajua wadudu huliona hilo mara moja. Ukihitaji wa kufanyia mazoezi ya mwanga, tafuta waliokufa wenyewe chini ya taa za barazani. Jani ulilolipinda lirudishe. Mdudu aliyejificha chini yake anategemea kivuli hicho.

Nawe ujilinde. Angalia unapopiga goti: siafu, na nyoka. Usiweke lenzi karibu na mzinga wa nyuki wala kiota cha nyigu. Viwavi wenye manyoya usiwashike. Mdudu mwembamba mwenye pingili nyekundu na nyeusi, anayeitwa Nairobi flai, akitua mwilini mpeperushe kwa pumzi wala usimpondeponde, kwani majimaji yake huunguza ngozi. Akipondeka, osha kwa sabuni haraka. Ndani ya hifadhi, uliza masharti ya kupiga picha kabla ya kuingia.

Vifaa vyako pia vina adui. Unyevu wa Pwani huotesha kuvu ndani ya lenzi. Hifadhi kamera kwenye chombo kinachofunga pamoja na vipaketi vya kunyonya unyevu. Ukitoka chumba chenye kiyoyozi, iache ndani ya mfuko mpaka ipate joto la nje, la sivyo kioo kitajaa mvuke.

Mpe mdudu jina

Ukirudi nyumbani, kuza kila picha na utazame jicho peke yake. Lisilo wazi, futa. Kati ya zilizobaki chagua chache, kisha ufanye jambo ambalo wengi hawalifanyi: andika tarehe, mahali, jina la mmea, na mdudu alikuwa akifanya nini.

Mara nyingi mdudu hatambuliki kwa picha moja. Piga mgongo, ubavu na uso, na jani alilokuwa juu yake. Kisha zipeleke kwenye tovuti ya iNaturalist, ambako wataalamu na wapenzi wa viumbe hukusaidia kumtambua, na taarifa yako hutumika na watafiti. Kwa nyuki, vipepeo na wachavushaji wengine, kitabu cha mwanasayansi Mkenya Dino Martins kuhusu wachavushaji wa Afrika Mashariki ni msaada mkubwa.

Kazi hii ina thamani zaidi ya uzuri wa picha. Wadudu wa mashamba yetu wamepigwa picha chache mno, na wengi wanajulikana kwa mkulima kama "wadudu" tu, wote wa kuuawa. Unaporudi kwenye mmea uleule juma baada ya juma, mara nyingi utaona vidukari wanaongezeka mwanzoni, wanaowala wanafika nyuma yao, na vidukari wanaanza kupungua bila dawa. Mwonyeshe mfululizo huo mwenye shamba, kwenye simu, mmeinama pamoja juu ya shina lake la kunde. Mwambie yupi ni yupi. Kabla hajachukua bomba la dawa, atajua kwanza awatafute hao wanaowala vidukari.